Kiinimacho na Hesabu ya Mkono

Kati ya mafundi cherehani wa Mwanjelwa, jijini Mbeya, wapo wachache ambao shati lao la kitenge halionyeshi mfuko. Mfuko upo. Mkono unaingia, simu inakaa, lakini jicho linapita juu yake bila kukwama, maana ua lililoanzia kifuani linaendelea juu ya mfuko na kutokea upande wa pili, jani kwa jani, mstari kwa mstari. Kwa fundi wa kawaida mfuko huo ungeonekana toka ng'ambo ya barabara: ndege amekatwa kichwa, duara limevunjika. Ukitaka shati la namna ya kwanza, jiandae kununua kitambaa zaidi, kwa sababu kipande cha mfuko hakikatwi popote penye nafasi. Kinatafutwa mahali mchoro unapojirudia sawasawa, kinaongezewa kidogo kila upande kwa ajili ya kukunja, na mabaki yanayozunguka tundu lililoachwa hayafai tena kwa lolote. Ndiyo maana mafundi hao husema shati linakula kitambaa, na bei yao haipunguzwi kirahisi.

Napenda kuanzia kwenye mfuko huo ninapotaka kumsifu Maurits Cornelis Escher, msanii wa michoro wa Uholanzi ambaye picha zake zimewachanganya watu kwa miongo mingi: maji yanayotiririka kwenye mfereji hadi yakarudi juu yalikoanguka, ngazi isiyo na mwisho, mikono miwili inayochorana. Wanaomsifu humwita bingwa wa akili, au mwanahisabati aliyejificha ndani ya msanii. Mimi namwona kwanza ni fundi, wa ukoo mmoja na yule wa Mwanjelwa na wale wanawake wanaosuka vikapu vya milulu mkoani Iringa. Kiinimacho chake kinasimama juu ya kazi isiyodanganya popote. Anayekuchezea macho kwa njia hii haruhusiwi kukosea hata upana wa unywele, kwani kosa dogo tu na mfuko unaonekana.

Hisabati yenyewe shuleni ilimshinda. Alizaliwa Leeuwarden mwaka 1898, mtoto wa mhandisi, na mtihani wa mwisho wa sekondari hakuufaulu. Mwaka 1919 alipelekwa Haarlem kusomea usanifu wa majengo. Huko mwalimu wa sanaa za kuchapa, Samuel Jessurun de Mesquita, aliangalia michoro yake akamshauri aachane na majengo ashike patasi. Ushauri huo ndio uliomfanya Escher tunayemjua. De Mesquita alikuwa Myahudi, na mwanzoni mwa mwaka 1944 askari wa Hitler walimchukua pamoja na mkewe na mwanawe. Yeye na mkewe waliuawa Auschwitz, na mwana naye hakurudi. Escher alikwenda kwenye ile nyumba iliyoachwa wazi, akaokota kazi za mwalimu wake sakafuni, moja ikiwa na alama ya kiatu cha askari, akazihifadhi. Ufundi hupita hivyo, kutoka mkono hadi mkono, na aliyeupokea huwa na deni.

Sasa tuitazame kazi yenyewe kwa karibu, kwa sababu siku hizi picha za Escher tunazikuta kwenye simu na kwenye fulana, tukasahau kwamba ziliwahi kuwa mbao. Anayechonga kibao cha kuchapia hufanya kazi kinyume mara mbili. Kwanza, anachokiondoa kwa patasi ndicho kitakachobaki cheupe kwenye karatasi. Anachokiacha ndicho kitakachobeba wino. Kwa hiyo hachori kitu, anachonga kile kinachokizunguka. Pili, kushoto kwa kibao ni kulia kwa picha. Herufi, mikono, nyumba, vyote vinapaswa kufikiriwa vikiwa vimegeuka. Na patasi haina kifutio: ukizidisha, umezidisha. Kibao kikishakamilika, Escher alikipaka wino, akalaza karatasi juu yake, kisha akaisugua mgongoni kwa kijiko kidogo cha mfupa, sehemu baada ya sehemu, hadi wino uhamie wote. Picha yake iitwayo Usiku na Mchana, ya mwaka 1938, ilipendwa mno, na kwa muda wa miaka akaichapa nakala zaidi ya 650 kwa mkono wake. Picha hiyo inahitaji vibao viwili, cheusi na cha kijivu, kwa hiyo kila nakala ilisuguliwa mara mbili, na kibao cha pili kilipaswa kuangukia palepale pa kwanza.

Chini ya picha hiyo kuna mashamba ya mraba, kama ambavyo mtu angeyaona akiwa amesimama juu ya Mlima Loleza, Mbeya, na kutazama upande wa Uyole msimu wa kulima. Jicho likipanda, mashamba yanaanza kujikunja pembe. Yanachongoka, yanaota kitu kinachofanana na shingo, na ghafla ni ndege. Ndege weupe wanaruka kuelekea kulia, kwenye usiku. Ndege weusi wanaruka kushoto, kwenye mchana. Kila upande una mto wake na mji wake, na mji wa kulia ni ule wa kushoto uliogeuzwa kama kwenye kioo, isipokuwa taa zimezimwa. Mtu hujiuliza shamba limegeuka ndege kwenye mstari upi. Halafu unagundua kwamba mbawa ya ndege mweupe na mgongo wa ndege mweusi vimechorwa na mstari mmoja. Hakuna mahali palipoachwa kuwa nyuma ya picha. Eneo lililobaki baada ya kuchora ndege mmoja ni ndege mwingine, mzima, mwenye mdomo na mkia.

Hapo ndipo ugumu ulipo, na mtu yeyote anaweza kuujaribu kwa kalamu na karatasi. Kuchora samaki mmoja ni rahisi. Kuchora samaki ambaye nakala zake zitajaza ukurasa bila kuacha ufa wala kupandana ni kazi ya kumnyima mtu usingizi, maana kila ukinyoosha pezi hapa, unamtoboa jirani pale. Ustadi huo Escher aliufuata hadi Granada, Hispania, kwenye kasri la Alhambra ambalo kuta zake mafundi wa Kiislamu walizifunika vigae vya nyota na mafundo vilivyokatwa kwa mkono. Alifika mara ya kwanza mwaka 1922. Mwaka 1936 alirudi pamoja na mkewe, Jetta, na nauli ya meli hawakuilipa kwa fedha: alikubaliana na kampuni ya meli ya Italia kwamba watasafirishwa, naye atawachorea sehemu walizopitia awape nakala. Siku kadhaa wakakaa kwenye kuta zile wakinakili. Jambo moja tu lilimsikitisha, kwamba mafundi wale hawakuweka viumbe kwenye vigae vyao. Yeye akaamua kuwaweka: mijusi, ndege, samaki, wapanda farasi.

Kaka yake wa baba mmoja, Berend, profesa wa jiolojia Leiden, alipoiona michoro hiyo akamwambia kwamba wataalamu wa fuwele wanashughulika na jambo hilohilo. Akamwelekeza kwenye jarida lao, na humo Escher akakuta makala ya mwanahisabati George Pólya ya mwaka 1924 inayoonyesha kuwa njia za kujaza uwanda kwa mchoro unaojirudia ni 17, basi. Maneno ya makala hakuyaelewa. Akanakili vielelezo vyake. Kisha akajitungia mfumo wake mwenyewe wa kuziainisha ruwaza, wenye alama zake, akaujazia daftari, na hadi mwisho wa maisha alikuwa ameacha michoro 137 ya aina hiyo iliyopewa namba. Wanahisabati walipokuja kuipima baadaye walikuta ametatua maswali ambayo wao hawakuwa wameyauliza, hasa yale ya jinsi rangi zinavyopaswa kupokezana.

Sasa twende Iringa.

Milulu ni majani ya mahali penye maji. Hukatwa, huanikwa, na kabla ya kusuka hulainishwa kwa maji ili yasivunjike. Kikapu kinachotoka hapo kila Mtanzania anakifahamu hata kama hajafika Iringa: rangi ya nyasi kavu, ukuta uliobana, na mara nyingi michirizi ya rangi karibu na mdomo, zambarau, nyekundu, kijani. Wanawake wa Kihehe wamekisuka kwa vizazi. Siku hizi kinapanda ndege na kwenda kuuzwa Ulaya na Marekani kama pambo la sebuleni, lakini bado kinabeba vitunguu sokoni, na mimi nakipenda zaidi kikiwa na vitunguu.

Muundo wake ni wa namna mbili za milulu. Kuna inayosimama, kama mtande kwenye kitambaa, ikianzia kwenye kitako na kupanda hadi mdomoni. Na kuna inayolala, mshindio, inayozunguka ikipita mbele na nyuma ya ile iliyosimama huku ikisokotana. Mshindio haukomi mwisho wa mstari ukaanza mwingine, kama ilivyo kwenye mkeka. Kikapu ni duara. Mzunguko wa pili unapanda juu ya wa kwanza bila kukatika, na hapo ndipo hesabu inapoingia kwa nguvu, iwe msukaji ameialika au hakuialika.

Chukua mshindio wa nyuzi mbili, mmoja mwekundu na mwingine wa rangi ya asili, zinazopokezana: mwekundu mbele ya mtande huu, wa asili mbele ya unaofuata. Ikiwa idadi ya mtande inagawanyika kwa mbili, tuseme 48, basi ukimaliza mzunguko, mwekundu unarudi kuangukia juu ya mwekundu. Mzunguko baada ya mzunguko, unapata michirizi iliyosimama wima kutoka chini hadi juu. Ongeza mtande mmoja tu, iwe 49. Kila kitu kingine kibaki vilevile, mkono uleule, milulu ileile. Sasa mwekundu unaangukia juu ya wa asili, na mzunguko unaofuata unageuka tena, na michirizi imetoweka. Umepata vyumba vidogo vya draftu. Hakuna aliyeamua kusuka draftu. Baki ya moja ndiyo iliyoamua.

Kwa nyuzi tatu mambo yanakuwa mazuri zaidi. Mtande 48 unagawanyika kwa tatu, kwa hiyo rangi zinasimama wima. Mtande 49 una baki ya moja, na kila mzunguko rangi inasogea hatua moja, kwa hiyo michirizi inajipinda na kupanda kwa mzingo kuzunguka kikapu chote. Ukiwa na 47, baki ni mbili, mzingo unapinda upande wa pili. Mnunuzi anayekizungusha kikapu mkononi anaona kitu kinachozunguka, kinachokimbia juu, na anadhani msukaji alikuwa na mchoro mgumu kichwani. Kumbe alitenda tendo moja lilelile maelfu ya mara. Kiinimacho kimetokana na mtande mmoja wa ziada kwenye kitako.

Mama mmoja niliyemkuta akisuka kibarazani, nje kidogo ya mji wa Iringa, nilimsalimu shikamoo, akanikaribisha kigoda, nikamuuliza anahesabu saa ngapi. Mikono haikusimama.

“Nahesabu mwanzo tu, mwanangu,” akasema. “Nikishaanza vizuri, hesabu imo humohumo ndani.”

Nikamuuliza inakuwaje akikosea mwanzo.

“Unaona baadaye. Rangi zinagombana. Basi unafumua.”

Mtoto wa shule ya msingi nchini mwetu hufundishwa Kigawe Kidogo cha Shirika, akaitwa mbele ubaoni kutafuta KDS ya 4 na 6, akajibu 12 na kurudi kukaa bila kujua ya nini. Msukaji anayetaka kuweka kwenye kikapu kimoja mshipi wenye ua la mitande minne, na juu yake mshipi wenye ua la mitande sita, lazima aanze na idadi inayogawanyika kwa 12. Akiwa na 48 au 60, maua yote mawili yatafunga duara. Akiwa na 50, mahali fulani ua la mwisho litakutana na la kwanza likiwa nusu, na atalazimika kuibana au kuitanua milulu ili kuficha. Ukipita kwenye rundo la vikapu, tafuta mahali mshipi ulipofungia. Kwa wengi utapaona. Kwa waliobobea hutapaona, na huo ni ule mfuko wa Mwanjelwa tena.

Wanahisabati wameshathibitisha kwamba mshipi unaojirudia una aina saba tu za ulinganifu. Unaweza kusogezwa tu. Au kusogezwa na kupinduliwa. Au kuwa na kioo cha wima, na kadhalika, hadi saba, na hakuna wa nane, usukwe Iringa au uchongwe Roma. Mholanzi mwingine, Paulus Gerdes, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake nchini Msumbiji, jirani zetu wa kusini, akiorodhesha ruwaza za mikoba ya sipatsi inayosukwa Inhambane, na kuonyesha kwamba wasukaji walikuwa wakifikiri kihisabati kwa mikono yao bila kungoja mtu awape ruhusa. Gerdes alifariki mwaka 2014. Kazi ya namna ile, ya kukaa na vikapu vya Iringa mshipi kwa mshipi na kuviandikia kitabu cha shule, ingempa mwalimu wa hesabu wa Kalenga au Ilula mfano ulio mikononi mwa mama wa kila mwanafunzi.

Lakini mshipi ni nusu ya hesabu. Nusu nyingine iko kwenye kitako, na hii ndiyo iliyonifanya nimwone Escher kwa jicho jipya.

Kitako huanza kwa mitande michache iliyopishana katikati na kuchanua kuelekea nje. Kadiri duara linavyopanuka, nafasi kati ya mtande na mtande inakua, kwa hiyo inabidi kuongeza mingine. Iongezwe mingapi? Ukiongeza michache kuliko inavyotakiwa, kingo zinavutwa ndani na kitako kinajikunja kuwa bakuli. Ukiongeza kwa kipimo, idadi ileile kila hatua, kitako kinabaki bapa. Msukaji akitaka kikapu, anaenda bapa hadi upana anaoutaka, kisha anaacha kuongeza kabisa, na ukuta unasimama wenyewe. Halafu kuna mwanafunzi anayeongeza kupita kiasi. Kwake ukingo unakuwa mrefu kuliko nafasi uliyonayo, unaanza kupanda na kushuka, na kazi yote inafanya mawimbi. Kila nyumba yenye vitambaa vya kufuma juu ya makochi ina angalau kimoja kilichokataa kulala kwa sababu hiyo.

Mawimbi hayo yana jina kubwa kwenye vyuo vikuu: ni jiometria ya haipaboli, ulimwengu ambamo nafasi inaongezeka upesi mno kuelekea nje, na kupitia nukta moja unaweza kuchora mistari mingi isiyokutana na mstari uliopewa. Kwa muda mrefu wanahisabati waliijua kwenye karatasi tu. Mwaka 1997 Daina Taimina, mwanahisabati kutoka Latvia aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, aliifuma kwa uzi na kulabu, akiongeza vitanzi kwa uwiano uleule kila mzunguko, na wanafunzi wake wakaweza kuishika kwa vidole. Kile ambacho bibi wa makochi angekifumua kwa hasira, yeye alikipeleka darasani.

Escher alikuwa amefika hapo karibu miaka 40 kabla. Mwaka 1954, mkutano mkuu wa kimataifa wa wanahisabati ulipofanyika Amsterdam, kazi zake zilionyeshwa kwenye jumba la Stedelijk, na baina ya waliozitazama alikuwepo mwanahisabati H. S. M. Coxeter wa Toronto. Baadaye Coxeter alimtumia makala yake yenye kielelezo: duara lililojaa pembetatu zinazopungua kadiri zinavyosogea ukingoni, zikawa ndogo, zikawa vumbi, zisifike mwisho kamwe. Escher hakuelewa makala. Alichukua bikari na rula akakisoma kielelezo kama fundi anavyosoma shati la mwenzake, mshono kwa mshono, hadi akajua kilivyokatwa. Kati ya mwaka 1958 na 1960 akachonga picha nne za mfululizo uitwao Mpaka wa Duara. Ya tatu, ya mwaka 1959, ina samaki wa rangi nne wakifuatana kwenye njia nyeupe zilizopinda. Ilichapwa kwa vibao vitano, kila kibao kikiwa robo ya duara na kugongwa mara nne, yaani mara 20 kwa nakala moja, na samaki wa ukingoni ni wadogo kama punje ya ulezi. Miaka mingi baadaye, Escher akiwa amekwisha kufariki, Coxeter alikokotoa kwa trigonometria njia zile nyeupe zinapaswa kukata ukingo kwa pembe gani, akapata karibu nyuzi 80. Akapima picha. Mkono wa yule aliyefeli mtihani ulikuwa sahihi hadi kwenye milimita.

Nikiulizwa kati ya picha zake zote nichague moja, nitachagua hiyo, si zile ngazi. Ngazi zisizo na mwisho ndizo zinazopendwa na vijana, na ni haki yao. Wazo lake lilitoka kwa Lionel Penrose na mwanawe Roger, waliochapisha makala kuhusu maumbo yasiyowezekana mwaka 1958, na Escher akalichora mwaka 1960: watawa wakipanda na wengine wakishuka juu ya paa la jengo, wakizunguka, wasifike juu wala chini. Siri yake ni kwamba ukiziba picha kwa kiganja na kuacha kona moja tu, kona hiyo ni ya kweli kabisa. Kila kona ni ya kweli. Uongo uko kwenye jumla. Aliyewahi kukaa nyuma ya lori la shehena kwenye Mlima Kitonga saa saba mchana, kona baada ya kona, atawaelewa wale watawa bila maelezo. Ni picha ya kuchekesha na ya kutisha kidogo, lakini ukishaijua siri yake imekwisha. Samaki wa Mpaka wa Duara hawaishi.

Watu wa nyanda hizi za Mbeya na Iringa walikuwa na jicho la ulinganifu kabla ya kitenge na kabla ya milulu. Isimila, kilomita 20 hivi kutoka Iringa mjini, palipochimbwa na mtaalamu wa mambo ya kale Clark Howell mwaka 1957 na 1958, kuna mashoka ya mkono ya mawe yenye umri wa zaidi ya miaka laki mbili, upande wa kushoto na wa kulia vikilingana kuliko kazi ya kuchuna ngozi ilivyohitaji. Na huko Matema, pembezoni mwa Ziwa Nyasa wilayani Kyela, wanawake wa Kikisi huleta sokoni vyungu vilivyofinyangwa bila gurudumu la umeme wala la mguu, na ukikiweka kimoja chini na kukizunguka huoni upande uliozidi. Nayataja kwa haraka kwa sababu kila moja linastahili insha yake.

Kuna picha moja ya Escher ambayo hakuimaliza. Ni ya mwaka 1956, inaonyesha kijana amesimama kwenye ukumbi wa maonyesho akitazama picha ukutani. Ndani ya picha hiyo kuna bandari, na meli, na nyumba za mji, na dirishani mwanamke anachungulia; chini ya dirisha lake kuna paa, chini ya paa kuna mlango, na mlango huo ndio wa ukumbi alimosimama kijana. Picha inajipanua ikizunguka hadi mtazamaji anakuwa ndani ya anachokitazama. Katikati kabisa, pale mizunguko yote inapobanana, Escher aliacha duara jeupe, akaweka sahihi yake. Mwaka 2003 Hendrik Lenstra na Bart de Smit wa Chuo Kikuu cha Leiden walieleza hisabati yake na kulijaza lile duara kwa kompyuta: ndani yake kumbe kulipaswa kuwa na picha nzima ileile, imepunguzwa zaidi ya mara 22 na kugeuzwa karibu nyuzi 158, na ndani ya hiyo nyingine, na nyingine.

Escher alianzia kingoni akaja ndani, na katikati pakamshinda. Msukaji wa Iringa anaanzia katikati, kwenye mitande ile michache iliyopishana, na hesabu yote ya ukuta na ya mshipi inaamuliwa hapo kabla rangi ya kwanza haijaingia. Yeye hawezi kuacha tundu jeupe akatia sahihi. Kikapu cha namna hiyo hakiuziki Iringa wala Mwanjelwa, vitunguu vitapita.